Jina Lililoitwa Mara Mbili: kisa cha winga mkimbizi Mombasa

Kisa hiki nimezoea kuwasimulia kwa mdomo makatibu na makocha wa timu za mitaa wanaoanza kazi. Mara hii nimekiandika chote. Mhusika namwita Winga, kwa kuwa huko pembeni ndiko alikocheza. Majina ya timu na mitaa yameachwa, na mambo mawili matatu ya familia yake nimeyabadilisha. Rasimu nilimsomea mwenyewe barazani kwake. Aliikubali, ila mahali pamoja alinipinga, na pingamizi lake nimeliweka mwishoni kama alivyolisema. Mimi nilikuwa katibu wa timu iliyompokea, kwa hivyo msomaji ajue mapema kwamba baadhi ya makosa yanayochambuliwa hapa ni yangu.

## Usuli

Winga ni mtu wa Barawa, mji wa pwani ulio kama kilomita 200 kusini ya Mogadishu. Wenyeji wa mji huo huzungumza Chimbalazi, lahaja ya Kiswahili ya kaskazini kabisa. Sisi tukisema kisu, yeye husema chisu. Jambo hili laonekana dogo, lakini lilimponza mara moja na kumfaa mara nyingi.

Alipokuwa na miaka 18 klabu moja ya Mogadishu ilimchukua. Hapa lazima nieleze mfumo wa huko, maana ukisikia "mchezaji wa kulipwa" utafikiria mambo ya Ulaya. Klabu kubwa zilikuwa za taasisi za serikali. Horseed, ambayo wazee wa mpira wa hapa bado wanaitaja kwa kufika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1977, ilikuwa timu ya jeshi. Mchezaji aliandikwa kazi kwenye taasisi, akalipwa mwisho wa mwezi kama wafanyakazi wenzake, na kazi yake hasa ikawa mpira. Winga aliandikwa karani wa ghala. "Ghala lenyewe nililiona mara nne," aliniambia.

Alicheza hivyo kwa misimu sita. Hakuwa nyota wa kutajwa redioni kila wiki, lakini alikuwa na mshahara, chumba, na njumu mbili: za uwanja mkavu na za matope.

## Yaliyotokea

Mwisho wa Desemba 1990 mapigano yaliingia Mogadishu, na kabla Januari haijaisha Rais Siad Barre alikuwa ameukimbia mji. Ligi haikufungwa kwa tangazo. Siku ya mazoezi ilifika wakaja watu sita, iliyofuata wakaja wawili, na ya tatu Winga hakwenda. Alirudi Barawa, na Barawa nayo ikaporwa na kundi moja baada ya jingine. Katikati ya 1991 akapanda jahazi pamoja na shangazi yake na watoto wa ndugu yake, wakashukia Mombasa. Alikuwa na miaka 25.

Wakati huo wakimbizi wa Kisomali na wa Banadir, yaani pwani ya Mogadishu na Barawa, walikuwa wametawanyika kwenye kambi kadhaa za hapa: Utange, Benadir, Hatimy, Swaleh Nguru. Winga aliandikishwa katika mojawapo, lakini kulala alilala Mji wa Kale, kwa jamaa. Wabarawa wana ujamaa wa siku nyingi na Mombasa, na mtu wao hakosi mlango wa kubisha.

Kithibitisho chake cha mpira kilikuwa kimoja: picha ya timu, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mkunjo mmoja ukapita juu ya uso wake hasa. Ukiishika unaona wachezaji kumi wazi kabisa, na wa kumi na moja ana mfuto mweupe kutoka kipaji hadi kidevu.

Nilimwona kwa mara ya kwanza kiwanjani Tononoka, alasiri, akicheza pekupeku na vijana wa mtaa. Beki mmoja aliupiga mpira mrefu usio na mwenyewe, ukawa unashuka karibu na mstari. Winga hakukimbia. Alinyanyua mguu wa kushoto akaupokea kama mtu anayepokea kikombe cha kahawa chungu kilichojaa hadi ukingoni. Haukuruka hata kidogo. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alisema tu, "Huyu ametoka kazini."

## Maamuzi, na sababu zake

La kwanza: kungoja barua. Haukupita mwezi klabu moja ya ligi ya taifa ikamjaribu na kumtaka. Tatizo likawa hati. Mchezaji anayetoka nchi moja kwenda nyingine huhitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, na anayeitoa ni shirikisho la nchi anakotoka. Klabu iliandika barua kwa shirikisho la Somalia, nasi tukaandika yetu. Tuliitia stempu tukaipeleka posta, barua ya kwenda mji ambao posta yake ilikuwa haifanyi kazi tena. Naikumbuka nikaona haya: hakuna mmoja wetu aliyeuliza nani ataifungua.

Tuliona tunafuata sheria. Klabu iliogopa faini, sisi tuliogopa kumharibia. Kwa hivyo alishauriwa asicheze popote mpaka jibu lije, asije akaumia bure. Alingoja miezi 14. Kila alfajiri alikimbia peke yake barabara ya Mama Ngina hadi karibu na Likoni na kurudi. Klabu ilimpa nauli kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha hata nauli ikakoma, na baadaye wakasajili kijana mwingine wa upande huo huo wa kushoto. Hawakumwambia. Alimwona uwanjani.

La pili: jina la mtu. Mapema 1993 timu yetu ilikuwa karibu kushuka daraja katika ligi ya mkoa. Mchezaji wetu mmoja wa Likoni alikuwa amekwenda Uarabuni kutafuta maisha, na kadi yake ya ligi ilibaki kwenye faili langu. Picha yake ilikuwa imefifia, na kwa mbali wote wawili walikuwa wembamba, wenye masharubu. Mwenyekiti alisema, "Mwandike." Nikaandika. Mwandiko ulikuwa wangu.

Winga alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa amekaa karibu miaka miwili bila mechi ya kuhesabiwa, na timu iliahidi kumlipa kidogo kila mchezo.

Tulicheza naye mechi tatu, tukashinda mbili. Ya nne ilikuwa ugenini. Kabla ya kuingia, kamisaa wa mechi alipanga wachezaji mstari mmoja, akawa anaita jina na kutazama kadi. Alipofika kwake aliita jina la yule kijana wa Likoni. Winga alikuwa ameinama anafunga kamba ya njumu. Kamisaa akaita tena, kwa sauti. Winga akakaza kamba, akaipiga fundo la pili, akasimama wima akitazama mbele, mtulivu, kama mtu ambaye zamu yake haijafika. Mlinda mlango wetu akamfinya mgongoni. Akaruka: "Naam!" Benchi la wenzetu likacheka. Kamisaa hakucheka. Alimwuliza kipande chake kiko wapi. Winga akafungua mdomo kujibu, na ile *chi* ya Barawa ikatangulia.

Tulinyang'anywa pointi za mechi zote nne. Hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba mkimbizi alikutwa na kadi ya mtu mwingine, wakati ambapo misako ya polisi mitaani ilikuwa jambo la kawaida. Kwa siku 17 hakutoka mlangoni. Mwenyekiti wetu alinituma nimwambie asionekane kiwanjani kwa muda, "mpaka mambo yapoe." Nilikwenda nikamwambia. Shangazi yake alinipa chai na mahamri, akanitazama mpaka nikamaliza, wala hakunikaribisha tena.

La tatu: goti. Hapa sitarefusha, ingawa makocha ndio wanaopaswa kusoma kwa makini zaidi. Ramadhani ya 1994, baada ya tarawehe, alicheza mechi ya usiku ya kirafiki kwenye uwanja wa changarawe chini ya taa mbili. Aligeuka kwa mguu uliokita chini, akasikia kitu kimekatika ndani. Kabla ya daku goti lilikuwa kama dafu. Kulipokucha alipelekwa kwa mkandaji, akakandwa kwa mafuta ya moto siku tisa mfululizo. Uvimbe ulipungua, akatembea, tukashangilia. Wiki chache baadaye alicheza tena katika bonanza moja ya mtaani. Hakuna aliyemgusa. Aligeuka tu, akaanguka, na hakuinuka mchezaji.

Kwa nini hakwenda hospitali? Kwa sababu ya pesa, kwa sababu ya kuogopa kuulizwa karatasi, na kwa sababu sisi sote tulikuwa tumelelewa na wakandaji na hatukuona ajabu.

La nne: kubaki. Kambi za Pwani zilifungwa moja baada ya nyingine katikati ya miaka ya 90. Waliobaki walielekezwa Kakuma na Dadaab, na baadhi ya familia za Kibenadiri zikapata kwenda Marekani. Nduguze Winga walikwenda. Yeye alikuwa ameoa hapa, akakataa. Uamuzi huo hakumshauri mtu, na mimi sioni kama ni wangu kuupima.

## Matokeo

Baada ya goti, timu ilimchangia akanunua mkokoteni wa maji. Kwa nia njema kabisa tulimpa mtu mwenye goti lililokatika kazi ya kusukuma mitungi ya lita 20 kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Aliifanya karibu miaka miwili.

Kilichobadilisha mambo hakikutoka kwetu. Mwaka 1996 maalim wa madrasa moja, mtu asiyejua hata sheria ya kuotea, alikuwa na watoto kama 30 waliokuwa wakipasua vioo vya watu kati ya alasiri na magharibi. Alimwona Winga akiwarudishia mpira, akamwomba awaangalie. "Ami, wewe ukae nao tu mpaka adhana," alimwambia.

Mpira ulikuwa mmoja. Winga aliwapanga mbele ya ukuta wa ghala kuukuu. Mtoto anapiga ukutani, na mpira ukisharudi njiani ndipo Winga anataja mguu wa kuupokelea: kushoto, kulia, kushoto. Ukitangulia kujiandaa umekosea. Mtoto akikosea huenda nyuma ya mstari na kumhesabia mwenzake. Hakupiga mtu, hakupaza sauti. Watoto walimcheka kwa *chi* yake, wakaanza kusema chisu na chiti majumbani, na mama zao wakaja kuona huyu mwalimu ni nani.

Amefundisha hivyo zaidi ya miaka 25. Wawili kati ya watoto wake walifika ligi kuu. Baada ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006 alipata kadi rasmi ya mkimbizi, na kwa kadi hiyo, akiwa na miaka 46, alikaa darasani kwenye kozi ya kwanza ya ukocha pamoja na vijana wa umri wa wanawe. Goti halikupasuliwa hata leo. Hupanda ngazi kwa mguu mmoja.

## Uchambuzi

Watu wakimzungumzia husema "vita vilimkatiza." Nilisema hivyo mwenyewe kwa miaka mingi, na sasa naona tulijificha nyuma ya neno hilo. Hesabu miaka. Vita vilimchukulia ligi yake Januari 1991. Alifika hapa ana miaka 25 na miguu mizima. Goti lilikatika 1994. Kati ya hapo kuna karibu miaka mitatu ambayo haikuliwa na bunduki. Ililiwa na barua isiyo na mpokeaji, kadi ya mtu, na siku tisa za mafuta ya moto.

Angalieni Uingereza. Septemba 1939 ligi yao ilisimamishwa baada ya mechi chache tu, mikataba ikavunjwa, na haikurudi hadi Agosti 1946. Stanley Matthews, winga wao mashuhuri, alikuwa na miaka 24 iliposimama na 31 iliporudi. Wako wengi ambao hawakurudi kabisa. Lakini Matthews hakukaa miaka hiyo bila kugusa mpira. Kulikuwa na mashindano ya kikanda ya wakati wa vita, na mchezaji aliruhusiwa kuchezea kama mgeni timu iliyo karibu na kambi yake ya kijeshi. Yeye alikuwa kwenye jeshi la anga karibu na Blackpool, akaichezea Blackpool. Mechi yake ya mwisho ya ligi aliicheza 1965, ana miaka 50. Naye alikuwa Matthews, sikatai. Ninachoonyesha ni ule mlango wa mgeni: wenye mpira waliona vita vimeharibu utaratibu, wakalegeza utaratibu. Sisi tulimwambia Winga asicheze asije akaumia, tukamkausha.

Kuhusu hati, kanuni za leo zimefunguka. Shirikisho la zamani lisipojibu, lile jipya laweza kumsajili mchezaji kwa muda. Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, haikuchukua hata wiki mbili FIFA ikatoa kanuni za dharura kuwaruhusu wachezaji na makocha wa kigeni kusimamisha mikataba yao huko na kujiunga kwingine. Na Sudan ilipoingia vitani Aprili 2023, Al-Hilal na Al-Merrikh za Omdurman zilihama na karatasi zao, zikacheza msimu wa 2024/25 ndani ya ligi ya Mauritania. Lakini tazama nani kahama: klabu nzima, yenye muhuri na katibu. Mtu mmoja anayeshuka jahazini na picha iliyokunjwa bado hana wa kumwandikia, ila katibu wa timu ya mtaa, yaani wewe unayesoma.

Katibu huyo angefanya nini 1991? Kilichokuwepo nilikiona baadaye sana. Katika kambi ya Utange walikuwepo watu wa Mogadishu waliocheza dhidi ya Winga, wakamjua kwa jina na kwa mguu. Wawili wangetosha kuapa mbele ya wakili, na hati ya kiapo ikapelekwa kwa shirikisho la hapa, si kule, pamoja na ile picha na maelezo ya mkunjo. Sijui kama lingekubali. Najua kwamba halikuulizwa. Kutoka Tononoka hadi Utange ni safari ya matatu. Mimi niliandika barua ya kuvuka nchi kwa sababu barua ilikuwa na fomu, na kwenda kambini hakukuwa na fomu.

Goti: mchezaji akiumia kwa kugeuka, akasikia kitu kimekatika, na goti likajaa ndani ya saa chache, dhania kano ya ndani imekatika na damu imejaa kwenye kiungo. Si goti la kukandwa, na joto siku za mwanzo huongeza uvimbe. Barafu, kuliinua, kutolikanyagia, na daktari. Uvimbe kuisha si kupona, kwa sababu goti la namna hii hutembea vizuri mbele na hukataa linapogeuka. Winga aligeuka. Mkandaji simlaumu, alifanya aliyoyajua. Tulioshangilia siku ya kumi tulikuwa na mtu wa huduma ya kwanza katika timu na hatukumuuliza.

Mkokoteni nisemeje? Ilikuwa harambee nzuri, kila mtu alitoa. Hakuna aliyemuuliza Winga anaweza nini zaidi ya kucheza, kwa kuwa machoni petu alikuwa ni mchezaji, na mchezaji aliyeumia ni mtu aliyekwisha. Misimu sita ya mazoezi ya kila siku chini ya makocha wa kazi ilikuwa kichwani mwake, na mtaa mzima haukuwa na mtu mwenye elimu hiyo. Aliyeiona ni maalim ambaye shida yake ilikuwa vioo.

Lugha ilifanya kazi ambayo hatukuipangia. Wachezaji wengine waliokimbia wakati ule walihitaji mkalimani hata kununua mkate. Winga alieleweka na mtoto wa miaka saba siku ya kwanza. Na jambo jingine lililomfaa: watoto hawakumuuliza habari za vita. Sisi wakubwa kila tulipokaa naye tulimtaka asimulie Mogadishu, tukitikisa vichwa. Mkewe alinieleza kwamba usiku wa mazungumzo hayo hakulala, na usiku wa mazoezi alilala.

Sasa ile kadi. Katika mafunzo huwa nasema wazi: jina la mtu usimpe mtu, na mkimbizi ndiye wa mwisho kumpa, kwa sababu sisi tulihatarisha pointi na yeye alihatarisha kukaa kwake nchini. Hapo ndipo Winga aliponipinga niliposoma rasimu. Aliweka kikombe chini.

"Zile mechi tatu, katibu," alisema, "ndizo mechi zangu za mwisho zenye refa, saa na kibendera. Ningekubali tena."

Nikamwambia, na siku 17 za kujificha je?

"Hizo nazo ningezikaa." Akanyoosha lile goti, akalisugua kidogo. "Ila lile jina ningelifanyia mazoezi kwanza."